Kulala katikati ya majaruba: mwongozo wa kukaa Tam Coc, Vietnam, bila haraka

Kila nikionyesha picha za Tam Coc, maswali yanayorudi ni yale yale. Nafikaje? Nikae siku ngapi? Hoteli gani ina dirisha linaloangalia mpunga? Mimi nisiyekula nguruwe nitakula nini? Na lile la mwisho, ambalo watu huliuliza kwa aibu kidogo: ukishafika huko shamba, kutwa nzima unafanya nini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Tam Coc ni eneo la vijiji katika mkoa wa Ninh Binh, kilomita kama 100 kusini mwa Hanoi. Milima ya mawe ya chokaa imechomoza wima kutoka kwenye tambarare ya mpunga, mmoja hapa, mwingine pale, mithili ya vichuguu vilivyopita kiasi. Mvua huyeyusha chokaa kidogo kidogo, maji hutoboa mapango, na mwishowe mto unapita chini ya mlima badala ya kuuzunguka. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga ameshaona mwamba wa aina hii kwa ndani. Huku utauona kwa nje. Nadharia inaishia hapo.

Wengi huja Tam Coc kwa siku moja kutoka Hanoi. Basi linawashusha saa nne asubuhi, linawapandisha saa kumi jioni, wameona kila kitu na hawajakaa popote. Mwongozo huu si wa hao. Ni wa anayetaka kulala pale siku tatu, na kwa mtu kama huyo hoteli si mahali pa kuweka begi tu. Hoteli ndiyo safari yenyewe.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi, na kurasa tupu.
- Viza ya mtandaoni iliyochapishwa kwenye karatasi (tazama hatua ya 2).
- Tiketi ya ndege hadi Hanoi, uwanja wa Noi Bai. Wengi wetu tunaotoka Dar, Zanzibar au Nairobi hupitia Doha au Dubai. Ndugu zetu walioko Ghuba wana nusu ya safari yetu.
- Adapta ya umeme. Soketi za Vietnam ni za pini mbili, na plagi zetu za pini tatu kubwa haziingii. Umeme wenyewe ni wa volti 220, hautaunguza kitu.
- Dola safi, zisizochanika wala kuandikwa kwa kalamu, pamoja na kadi ya benki. Vijijini utalipa kwa noti za dong, fedha yao.
- Kitambaa chepesi au shati la mikono mirefu, kwa ajili ya jua la mtoni na kwa ajili ya mahekalu.
- Dawa ya mbu, viatu visivyoteleza na koti la mvua. Koti ukilisahau utalipata dukani huko kwa bei ndogo.
- Kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Ikae ndani ya pasipoti, usiitoe.

Hatua ya 1. Chagua mwezi kwanza, hoteli baadaye

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kinachoonekana dirishani hubadilika kila mwezi. Kandokando ya mto Ngo Dong wakulima hutegemea msimu mmoja mkubwa. Mpunga hupandikizwa baridi inapoanza kulegea, Februari hivi. Machi na Aprili majaruba ni kijani kibichi. Mei unatoa masuke, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Juni, pengine katikati, bonde zima linageuka dhahabu. Halafu wanavuna. Ndani ya siku chache ile dhahabu imekuwa mabua na maji. Wanaofika Agosti na picha ya Juni kwenye simu ndio wanaonilaumu mimi.

Juni na Julai mayungiyungi huchanua kwenye madimbwi, lakini joto hupita nyuzi 35 na unyevu wake hauna huruma. Julai hadi Oktoba ni mvua kubwa na tufani. Septemba 2024 tufani la Yagi lilipiga kaskazini mwa Vietnam na mafuriko yake yakaenea mbali. Novemba kukavu na kutulivu, ila usitegemee kuona mpunga. Desemba hadi Februari ni ukungu na manyunyu, joto hushuka hadi nyuzi 15 au chini, na vyumba vingi vya mbao havina kitu cha kuvipasha moto. Mtu wa Njombe au Limuru atavumilia. Mtu wa Mombasa alale na soksi.

Mimi nachagua katikati ya Aprili nikitaka kijani, au wiki ya mwisho ya Mei nikitaka dhahabu. Usije tarehe 30 Aprili na 1 Mei. Hizo ni sikukuu mfululizo, Hanoi yote humiminika huku na bei hupanda. Mwaka mpya wao, Tet, unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari, nao una shida yake, maana maduka mengi hufungwa na treni hujaa wiki kadhaa kabla.

Hatua ya 2. Omba viza mwenyewe

Tangu 15 Agosti 2023 Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90. Kuingia mara moja ni dola 25, kuingia mara nyingi ni dola 50. Utaratibu wao ni siku tatu za kazi, lakini wewe omba wiki mbili kabla.

Makosa matatu ya kuepuka:

- Tovuti za kuiga. Ya serikali inaishia na gov.vn. Ukiona unadaiwa dola 80, umepotea njia.
- Jina. Liandike kama lilivyo kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha katika pasipoti, pamoja na jina la kati. Herufi moja ikikosewa, unaomba upya na unalipa upya.
- Lango la kuingilia. Fomu inakuuliza utaingilia wapi. Chagua Noi Bai kama ndege yako inatua Hanoi, usibofye la kwanza ulionalo.

Hatua ya 3. Tafuta hoteli kwa ramani, si kwa picha

Usiandike "Ninh Binh" kwenye programu ya kubuku hoteli. Tangu 1 Julai 2025 mkoa huo umeunganishwa na mikoa ya Ha Nam na Nam Dinh, kwa hiyo hoteli inaweza kuwa "Ninh Binh" kihalali kabisa na huku iko mjini, mbali na mlima wowote. Andika Tam Coc.

Sasa fungua ramani. Katikati kuna gati la mitumbwi, na linalolizunguka ni mtaa wa migahawa, baa na maduka ya pikipiki za kukodi. Pale pa kula, si pa kulala. Sogea kilomita moja hadi tatu: upande wa hekalu la Bich Dong, upande wa mlima Hang Mua, au njia ya kwenda hekalu la Thai Vi. Huko ndiko ziliko nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na familia, vyumba vya mbao au mianzi vikiwa vimejipanga ukingoni mwa jaruba, na mlima nyuma. Chumba cha heshima chenye kifungua kinywa hupatikana kwa dola 20 hadi 40. Ukitaka bwawa la kuogelea na godoro la kifalme, zipo za zaidi ya 100.

Kisha tazama picha zilizopigwa na wageni, siyo za mwenye hoteli. Mara yangu ya kwanza nililipia chumba kilichoandikwa kuwa kina mandhari ya mpunga. Mpunga ulikuwepo. Ulikuwa nyuma ya tangi la maji na kamba nne za kuanikia mashuka. Nilipouliza, dada wa mapokezi alitoka nami nje, akanyanyua ncha ya shuka moja kama pazia, akanyoosha kidole: ule pale.

Kabla ya kulipa, mtumie mwenye hoteli ujumbe na umuulize haya:

- Kitanda kinaangalia wapi, shamba au bustani? Nitumie picha uliyoipiga leo kutoka mlangoni mwa chumba.
- Kuna ujenzi jirani? Tam Coc inajengwa kwa kasi na nyundo huanza alfajiri.
- Baiskeli ni za bure?
- Kuna chandarua, kiyoyozi na maji ya moto?
- Nikighairi siku tatu kabla, narudishiwa fedha zote?

Ile picha ya leo ndiyo muhimu kuliko yote. Mwenye chumba kizuri huituma ndani ya dakika tano.

Kuhusu utulivu, nikwambie ukweli mapema. Shamba la Vietnam halina ukimya wa porini. Kuna majogoo. Kuna vipaza sauti vya kijiji vinavyosoma matangazo asubuhi kweupe. Kuna karaoke, na Mvietnam akishika maikrofoni ya karaoke hana haraka ya kuiachia. Karaoke inaepukika kwa kukaa mbali na kumbi za sherehe. Jogoo anaepukika kwa pamba za masikio. Vyura hawana dawa. Usiku wa kwanza watakukera, usiku wa tatu utawasikiliza kwa makusudi.

Hatua ya 4. Toka Hanoi

Njia ziko mbili za maana. Treni inaondoka kituo kikuu cha Hanoi na kufika stesheni ya Ninh Binh kwa saa mbili hadi mbili na nusu. Kutoka hapo ni teksi ya kilomita saba au nane hadi Tam Coc. Njia ya pili ni vibasi vya viti tisa ambavyo wenyewe huviita limousine. Vinakuchukua karibu na hoteli yako Hanoi na kukushusha mlangoni Tam Coc baada ya saa mbili hivi. Ukiwa na mizigo au watoto, kibasi. Ukipenda kuchungulia mashamba dirishani, treni.

Angalizo la saa: tiketi inahesabu kwa mtindo wa saa 24. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi yetu, na 19:20 ni saa moja na dakika ishirini usiku. Geuza saa hizo ukiwa umetulia, usigeuze ukiwa umechoka na safari. Vietnam iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nne, na mwili wako siku ya kwanza utakuwa bado uko Kariakoo.

Ukitua jioni, lala Hanoi. Kukimbilia shamba usiku ni kulipia chumba chenye mandhari na kukiona giza.

Uwanja wa ndege ndipo pa kununua laini ya simu, watataka pasipoti. Viettel ina mtandao mzuri mashambani. Kama jina unalisikia kwa mbali, hujakosea: ndiyo kampuni mama ya Halotel ya Tanzania na Lumitel ya Burundi.

Hatua ya 5. Fika kama mgeni wa nyumbani

Hoteli inatakiwa kisheria kumwandikisha mgeni, kwa hiyo wataomba pasipoti. Waache wapige picha, kisha irudishwe mkononi mwako. Wengine wamezoea kuiweka kwenye droo hadi utakapolipa. Omba kwa upole, watakupa.

Viatu vuliwe mlangoni kwenye nyumba za kifamilia. Tazama sakafu: ukiona rundo la kandambili, nawe vua.

Katika salamu, sisi tuna bahati. Kivietnam, kama Kiswahili, humwita mtu kwa undugu na umri. Dada mkubwa ni chị, kaka mkubwa ni anh, mama mtu mzima ni cô, mzee ni bác. Ukisema "chào bác" kwa bibi mwenye hoteli, ndiyo shikamoo yako hiyo. Usishangae ukiulizwa umri kabla ya jina. Wanatafuta wakuite nani. Asante ni "cảm ơn".

Hatua ya 6. Siku ya kwanza, baiskeli tu

Usipande mlima wala mtumbwi siku ya kwanza. Chukua baiskeli ya hoteli. Binya breki zote mbili, pandisha kiti, hakikisha ina taa, maana barabara za shambani hazina taa na giza huingia mapema.

Njia ninayoipenda: toka gatini kwenda hekalu la Thai Vi, lililojengwa kuwakumbuka wafalme wa ukoo wa Tran wa karne ya 13. Barabara ni nyembamba, mpunga pande zote, milima inakusogelea polepole. Jioni geukia Bich Dong, kilomita mbili au tatu kutoka gatini. Ni mahekalu matatu yaliyopandana mlimani, la chini, la kati na la juu, na kati yake unapita ndani ya pango. Funika mabega na magoti.

Msimu wa mavuno utakuta mpunga umeanikwa barabarani, juu ya lami, nusu ya njia. Usipite juu yake na baiskeli. Mtu wa Kyela au Mwea hahitaji kuambiwa, ila nimewaona watalii wakiukata katikati huku wanacheka, na mama mwenye reki akiwatazama kimya. Shuka, kokota baiskeli pembeni, msalimie. Baada ya mavuno bata huachiwa mashambani kuokota punje zilizobaki, na wakivuka barabara wanavuka mia kwa pamoja. Subiri.

Pikipiki? Kukodi ni rahisi mno, na hapo ndipo penye mtego. Bila leseni inayotambulika Vietnam, ukianguka bima yako ya safari inaweza kukuruka. Kwa umbali wa huku baiskeli inatosha.

Hatua ya 7. Chagua mtumbwi mmoja, usichukue yote

Ziko safari tatu za maji na watu hujibana wazimalize zote. Chagua moja, mbili ukipenda sana maji.

Tam Coc maana yake ni mapango matatu. Mtumbwi unapanda mto Ngo Dong na kupita chini ya Hang Ca, pango lenye urefu wa mita 127, kisha Hang Hai, mita 60, kisha Hang Ba, mita 50. Wageni hukaa wawili kwa mtumbwi, na safari ni saa moja na nusu hadi mbili. Mpiga makasia, mara nyingi mama wa kijijini, ataegemea ubao kwa mgongo, atapandisha miguu na kupiga makasia kwa nyayo. Kushoto, kulia, kushoto, kama anayeendesha baiskeli akiwa kitandani, huku mikono yake ikimenya chungwa. Hii ndiyo safari ya kuchagua wakati mpunga bado umesimama shambani, kwa sababu mto unapita katikati ya majaruba.

Trang An ni ndefu zaidi, saa tatu hivi, watu wanne au watano kwa mtumbwi, tiketi dong 250,000. Mapango ni mengi na mahekalu yako njiani, lakini mpunga hakuna. Ni maji na miamba. Eneo zima, Tam Coc ikiwemo, liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014, kwa mandhari na kwa historia ya binadamu aliyekaa mapangoni humo kwa zaidi ya miaka 30,000. Msimu mpunga haupo, nenda Trang An.

Van Long iko mbali kidogo, kilomita 20 hivi kutoka mji wa Ninh Binh, na haina umati. Ni kinamasi tulivu. Miambani wanaishi nyani wembamba weusi wenye manyoya meupe mapajani, kana kwamba wamevaa kaptula. Ni jamaa wa mbega wetu, wanapatikana kaskazini mwa Vietnam tu, na kundi lao kubwa kuliko yote liko hapa. Nenda jioni, beba darubini.

Maonyo ya mtoni:

- Mitumbwi haina paa. Mwavuli au kofia pana, hata kukiwa na mawingu.
- Safari ya Tam Coc, mwishoni unaweza kuonyeshwa vitambaa vya kudarizi uvinunue. Kazi ni ya mikono yao na inavutia, lakini kama hutaki tikisa kichwa mara moja na tabasamu. Ukianza kupatana bei, umeshanunua.
- Bakshishi inatarajiwa. Weka noti ya 50,000 mfuko wa peke yake kabla hujapanda.
- Nenda saa moja asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Katikati ya mchana mto umefungana mitumbwi kama Kivuko cha Kigamboni saa ya kwenda kazini.

Hatua ya 8. Panda Hang Mua alfajiri

Ni ngazi za mawe kama mia tano hadi kileleni, ambako joka la mawe limejilaza juu ya mwamba. Kutoka huko unaona mto wote wa Tam Coc ukijipinda kati ya mpunga. Kiingilio dong 100,000. Uwe langoni linapofunguliwa asubuhi. Saa tatu joto limeshachachamaa na ngazi zimejaa watu wanaopigana picha.

Mwamba wa joka lenyewe ni mkali na umechongoka. Kila siku kuna mtu anaupanda na kandambili. Usiwe wewe. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisha hadi siku inayofuata. Chokaa iliyolowa inateleza kama sabuni.

Hatua ya 9. Kula, na kujua unachokula

Sifa ya Ninh Binh ni mbuzi wa mlimani. Utawaona wenyewe wakiwa wameng'ang'ania miamba. Wanachomwa, wanapikwa supu, na wengine huliwa nusu wabichi, vipande vimekamuliwa ndimu na ufuta juu. Hiyo ya mwisho nilijaribu usiku wa kwanza, na siku ya pili sikuona mlima wowote zaidi ya ukuta wa bafuni. Agiza iliyoiva.

Kuna kitu kimoja kitakachokurudisha nyumbani: cơm cháy. Ni ukoko. Ule ule tunaougombania watoto, sufuria ikikwanguliwa. Wao wanaukausha juani, wanautumbukiza kwenye mafuta ya moto mpaka uumuke, kisha wanaumwagia rojo la nyama ya mbuzi. Unapasuka mdomoni. Ule wa kwenye mifuko, sokoni, unafaa kuwa zawadi. Ubebe juu ya nguo, usiuweke chini ya begi.

Kwa Waislamu na wasiokula nguruwe: nguruwe yuko kila mahali, na mafuta yake hukaangia hata mboga. Jifunze maneno mawili, au yaandike kwenye simu na uonyeshe. "Không thịt lợn" ni bila nyama ya nguruwe. "Không mỡ lợn" ni bila mafuta ya nguruwe. Njia salama ni neno "chay", chakula kisicho na nyama, ambacho Wabudha wengi hula siku maalumu za mwezi, hivyo wapishi wanakielewa. Angalia tu mchuzi wa samaki usikupite bila kujua. Samaki, mayai na tofu havitakuangusha. Mbuzi na kuku wa kijijini hawakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Karibu na gati ipo migahawa ya Kihindi. Kuhusu uchinjaji waulize wenyewe. Ukipita Hanoi, msikiti wa Al-Noor uko mtaa wa Hang Luoc, katikati ya mji mkongwe.

Hatua ya 10. Acha siku moja tupu

Hili ndilo jibu la lile swali la aibu. Siku ya tatu usipange kitu. Amka na jogoo, maana hatakuacha ulale. Kaa kibarazani na kahawa yao, nzito, ikidondoka tone tone kutoka kwenye kichujio cha bati hadi kwenye maziwa ya kopo. Ukungu unapanda. Mkulima anapita na koleo begani, anakagua maji ya jaruba, anaziba tundu kwa tope, anaondoka. Soma kitabu. Lala mchana, kijiji kizima kinalala mchana. Jioni tembea kwenye matuta, pembeni, bila kukanyaga miche.

Nimemwona mgeni akifungasha virago siku hiyo ya tatu kwa sababu "amemaliza". Alikuwa amelipia chumba kizuri kuliko changu, na hajakikalia hata saa moja mchana.

Ukikwama

*Chumba si ulichoonyeshwa.* Sema siku hiyo hiyo, kabla hujafungua begi, ukiwa na ile picha waliyokutumia. Nyumba hizi ni za familia na mara nyingi kuna chumba kingine. Ukilala usiku mmoja kwanza, umekubali.

*Umetoa noti isiyo yake.* Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu. Ya kwanza haifiki dola moja, ya pili inakaribia 20. Nilimpa mama wa juisi ya miwa ile kubwa nikidhani ndogo, nikapanda baiskeli yangu. Alinikimbiza na ya kwake hadi kona ya pili akipunga noti na kunisema, nadhani kwa maneno makali. Si kila mtu atakukimbiza, basi tenganisha: laki tano mfuko wa ndani, ndogo ndogo mfuko wa nje.

*Kadi imekataa.* Mashine za fedha ziko karibu na gati, jaribu benki nyingine. Kila mashine ina kiwango chake cha juu cha kutoa. Kabla ya kusafiri iambie benki yako unakwenda Vietnam.

*Teksi ya programu haipatikani.* Usiku huku magari ni machache. Mwambie wa mapokezi akupigie teksi, na kwa treni ya alfajiri iwekwe tangu jana yake.

*Tumbo limechafuka.* Chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini iko kwenye maduka ya dawa. Onyesha neno "Oresol". Kula uji wao wa wali, cháo, hoteli yoyote itakupikia. Ukiona damu au homa, rudi mjini hospitali, usisubiri.

*Mvua imeshika kutwa.* Mitumbwi inaweza kusimamishwa maji yakiwa juu, na mapango ya chini hayapitiki. Usigombane na wa tiketi. Vaa lile koti la mvua la plastiki na uende mji wa kale wa Hoa Lu, uliokuwa makao makuu ya nchi kuanzia mwaka 968 hadi 1010, mfalme Ly Thai To alipoyahamishia Hanoi. Una paa la kutosha. Au baki kibarazani. Mvua ikipiga jaruba lililojaa maji, vyura huanza mchana mchana, na bibi mwenye hoteli atakuletea karanga za kuchemsha bila kuombwa.